Mtoto Wetu, au Mjuzi wa Hesabu?



Kila uchaguzi unapokaribia, huku kwetu Kasongo na Kabambare yasikika maneno mawili. La kwanza ni hili: "Mpeni kura huyu, ni mtoto wetu." La pili ni hili: "Mpeni kura huyu, anajua hesabu za nchi." Maneno hayo husemwa barazani, husemwa sokoni, na hata mlangoni pa kanisa watu wanapotoka sala ya Jumapili. Wenye kusema la kwanza huwacheka wenye kusema la pili kwamba wamepumbazwa na vitabu. Wenye kusema la pili huwadharau wenye kusema la kwanza kwamba wamefungwa na ukoo. Sisi twasema kwamba pande zote mbili zimekosa, na tena kosa lao ni moja. Twaomba mtuvumilie tulionyeshe kosa hilo, maana limetupotezea mengi, na tusipolijua leo litatupotezea mengi tena.

Hatutaandika kwa mafumbo. Tutataja majina, kwa kuwa ni majina ya wakubwa wa nchi yanayojulikana na wote. Wala hatutaki kumtukana mtu ye yote. Twataka kupima maneno, si kuwapima watu mioyo yao.

HABARI YA MWAKA 2018

Tuanze na mwaka 2018. Muda wa Rais Joseph Kabila ulikuwa umekwisha tangu Desemba 2016, wala Katiba haikumruhusu kugombea mara nyingine. Basi upande wake ulipaswa kumpata mtu wa kupokea fimbo. Kwa miezi mingi watu wa Kinshasa walitaja majina, na mawili kati ya majina hayo yalikuwa ya wana wa Maniema. Mmoja alikuwa Augustin Matata Ponyo, mzaliwa wa Kindu, aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu mwaka 2010, halafu Waziri Mkuu tangu Aprili 2012 hadi mwisho wa mwaka 2016. Wa pili alikuwa Emmanuel Ramazani Shadary, mtu wa Kasongo, aliyepata kuwa gavana wa Maniema, mbunge wa Kabambare, Waziri wa Mambo ya Ndani, na mwisho katibu wa kudumu wa chama cha PPRD.

Fikirini, ndugu. Jimbo letu, ambalo watu wengi wa Kinshasa hawajui hata liko upande gani, lilikuwa na watu wawili waliosimama karibu na mlango wa ikulu! Hapana ajabu kwamba tulijivuna. Na kama ilivyo desturi yetu, tuligawanyika mara moja. Wa upande wa Matata walisema: "Huyu ndiye aliyeituliza faranga. Wakubwa wa fedha wa ulimwengu wamsikiliza." Wa upande wa Shadary walijibu: "Huyo wenu anajulikana katika mabenki, lakini wetu anajulikana vijijini. Kura hupigwa vijijini."

Tarehe 8 Agosti 2018 jina likatangazwa. Lilikuwa jina la Shadary. Kumbukeni lilivyopatikana: wanachama hawakupiga kura, hawakuwasikiliza wagombea wawili wakijibizana, hawakuuliza swali hata moja juu ya fedha. Mtu mmoja alichagua, wengine wakapiga makofi. Hata hivyo kwetu ilikuwa sherehe. Tulisema: "Sasa barabara itakuja."

Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kwa hesabu ya tume ya uchaguzi, Félix Tshisekedi alipata 38.57 kwa mia, Martin Fayulu 34.83 kwa mia, na Shadary 23.84 kwa mia, nafasi ya tatu. Twajua vema kwamba hesabu hiyo ilipingwa sana. Maaskofu wetu walikuwa wametuma waangalizi karibu 40,000 katika nchi nzima, nao walisema waziwazi kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakupatana na yale waliyoyakusanya. Lakini tukiacha ugomvi huo pembeni, neno moja lahusu habari yetu: katika hesabu zilizojulikana, ya tume na ya waliopinga, hapana iliyompa mtu wetu nafasi ya kwanza. Yeye aliyekuwa na chama, na serikali, na picha zake juu ya kila ukuta, alishindwa.

Kwa nini alishindwa? Twajibu bila kuficha. Kwanza, neno "mtoto wetu" lina nguvu hapa, lakini ng'ambo ya Lualaba halina maana. Mtu wa Mbuji-Mayi ana mtoto wake, na mtu wa Bandundu ana wake. Pili, alibeba mzigo wa wakubwa waliomtuma. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu Desemba 2016 hadi Februari 2018. Katika muda huo Umoja wa Ulaya ulimwekea vikwazo, mwezi wa Mei 2017, kwa ajili ya maandamano yaliyokandamizwa. Katika muda huo pia walei wakatoliki waliandamana, tarehe 31 Desemba 2017 na tarehe 21 Januari 2018, na watu walikufa. Mtu wa Kinshasa aliyemzika jirani yake hawezi kuambiwa, "Mchague, ni mtoto wa Kasongo." Tatu, na ndilo kubwa zaidi: wapiga kura hawakuonyeshwa jambo lo lote ambalo angelifanya kwa namna nyingine kuliko waliomtangulia.

Je, sisi tulimwuliza? Hapana. Tulivaa fulana, tukaimba, tukala wali, tukarudi nyumbani. Wala hatusemi haya kama watu waliosimama mbali. Wengi wetu tunaoandika na kusoma ukurasa huu tulimpa kura bila kumwuliza swali lo lote. Tulidhani ya kuwa undugu ni ahadi yenyewe.

MJUZI WA HESABU

Baada ya hayo, wale wengine waliinua vichwa. "Hatukuwaambia? Mngalimchagua mwenye kujua hesabu!" Na kweli, Matata Ponyo alitengeneza chama chake mwenyewe mwaka 2022, jina lake LGD, akatangaza kwamba ataugombea urais wa mwaka 2023. Basi tuzipime sifa zake, tena kwa haki.

Yapo mema yaliyofanyika, na asiyeyakiri ni mwongo. Mwaka 2009 bei za vitu nchini zilipanda kwa zaidi ya 50 kwa mia. Maana yake, aliyekuwa na faranga mwanzoni mwa mwaka alikuta mwishoni hazinunui hata theluthi mbili za alichokuwa akinunua. Mwaka 2013 kupanda huko kulikuwa kumeshuka hadi kama 1 kwa mia. Kwa miaka kadhaa dola moja ilisimama katika faranga 900 na kitu. Julai 2010 nchi ilisamehewa madeni ya zaidi ya dola bilioni 12. Tangu mwaka 2011 mishahara ya watu wa serikali ilianza kulipwa kwa njia ya benki. Zamani mshahara wa mwalimu ulipita katika mikono mingi, na kila mkono ulikata kidogo. Mahali pengi pasipo na benki, Caritas ndiyo iliyopewa kazi ya kuwapelekea walimu mishahara yao. Walimu wazee wanayakumbuka hayo, nao husifu. Sisi pia twasifu.

Lakini sifa hizo zilikuwa na mpaka wake. Mwaka 2023, wakati wa kampeni, tulikuwa katika soko la Kasongo pamoja na rafiki yetu mmoja, mwalimu wa hesabu, mtu wa LGD kabisa. Alikuwa akitueleza kwa sauti kubwa habari ya ile 1 kwa mia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mchele karibu yetu akamkatiza.

"Mwalimu," akasema, "hiyo moja kwa mia ilifika hapa kwa njia gani? Maana chumvi yangu huja kwa baiskeli."

Mwalimu akacheka, akasema: "Mama, hiyo ni hesabu ya nchi nzima."

"Haya," akasema mama, "na hapa si nchi?"

Mwalimu wetu alinyamaza, na sisi pia tulinyamaza, maana mama alikuwa amegusa penyewe. Faranga inaweza kusimama imara Kinshasa, na chumvi ikaendelea kupanda Kabambare. Sababu yake si siri. Mvua ikinyesha, lori hukwama. Lori likikwama, kijana husukuma baiskeli yenye gunia siku kwa siku, na kila daraja bovu na kila kizuizi cha barabarani huongeza bei. Mkulima wa Kasongo anayo matatizo yale yale kwa upande wa pili: mpunga wake ni mzuri, lakini mnunuzi hukata gharama ya njia katika bei anayompa mkulima. Basi utulivu wa faranga ni kitu chema, lakini pasipo njia haufiki katika sufuria. Miaka ile Kinshasa ilipata mabasi mapya ya Transco, na mwaka 2015 ndege za Congo Airways zilianza kuruka. Ni vema. Lakini nani katika wakulima wa Kabambare hupeleka gunia la mpunga kwa ndege?

Tena, ukuaji ule wa mali uliosifiwa, ambao mwaka 2014 ulifika karibu 9 kwa mia, ulitoka hasa katika shaba ya Katanga wakati bei yake ilipokuwa juu. Bei ya shaba iliposhuka mwaka 2015 na 2016, faranga nayo ilianza kutetemeka. Mtu akipata mvua nzuri na mavuno mengi, tumsifu kwa kulima, lakini tusiseme kwamba yeye ndiye aliyeleta mvua.

Sasa tuje kwenye neno lililo zito. Julai 2014 serikali ilizindua shamba kubwa la Bukanga Lonzo, hekta 80,000, upande wa kusini-mashariki wa Kinshasa, pamoja na kampuni moja ya Afrika Kusini. Ilisemwa kwamba mahindi yatajaa Kinshasa na unga utakuwa rahisi. Mwaka 2017 kampuni ile iliondoka, na shamba likarudi kuwa majani. Mwaka 2020 wakaguzi wakuu wa fedha za serikali walitoa taarifa: dola milioni 285 zilikuwa zimetolewa, na zaidi ya milioni 200 kati ya hizo hazikuonekana kazi yake. Kesi ilichukua miaka. Novemba 2021 Mahakama ya Katiba ilisema haina uwezo wa kumhukumu Waziri Mkuu wa zamani. Baadaye kesi ilifufuliwa. Na tarehe 20 Mei 2025 Mahakama hiyo hiyo ikamhukumu Matata Ponyo kifungo cha miaka 10 cha kazi ngumu. Pamoja naye walihukumiwa aliyekuwa gavana wa Benki Kuu na mkubwa wa kampuni ile, miaka 5 kila mmoja.

Yeye amekana sikuzote kwamba aliiba, na wafuasi wake husema kwamba ni hukumu ya siasa. Sisi si mahakimu, na siri za mioyo ya watu hatuzijui. Basi tuliache shauri la wizi. Tuulize swali dogo ambalo hata mtoto wa shule anaweza kuliuliza: mjuzi wa hesabu alikuwa na daftari gani, hata fedha nyingi namna ile zikatoka, na mahindi yasionekane, na watu wakakaa miaka sita bila kuelezwa? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kwamba hupotea kwa mwizi tu. Hupotea kwa mwizi, hupotea kwa mzembe, hupotea kwa mwenye haraka ya kusifiwa. Na walisema pia: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nani kati yetu, wakati sifa zilipokuwa nyingi, alithubutu kuonja tembo?

Na katika kura, ujuzi ule ulimfikisha wapi? Novemba 2023, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, alijiondoa, akamwunga mkono Moïse Katumbi. Kindu walimchagua kuwa mbunge, lakini nchi nzima hakuipima hata kidogo. Ikiwa "mtoto wetu" alisimama akashindwa, "mjuzi wa hesabu" hakufika hata kwenye sanduku la kura.

HATA KWA WAINGEREZA

Asije mtu akasema kwamba mambo haya ni ya Waafrika tu. Tazameni Uingereza, nchi yenye shule za kila namna. Mwaka 2022 chama cha Conservative kilikuwa kikitafuta kiongozi mpya, ambaye angekuwa Waziri Mkuu mara moja. Walibaki wawili. Liz Truss aliwaahidi wanachama kwamba atapunguza kodi upesi. Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliwaonya kwamba ahadi hiyo haina fedha nyuma yake. Wanachama walipenda ahadi kuliko onyo: Truss alipata kura 81,326, Sunak 60,399. Tarehe 23 Septemba serikali ya Truss ikatangaza kupunguza kodi kwa kadiri ya pauni bilioni 45, bila kuonyesha pengo litazibwa na nini. Pauni ikaanguka, riba ya mikopo ya nyumba ikapanda, Benki Kuu yao ikalazimika kuingilia. Siku ya 45 ya kazi yake Truss alitangaza kujiuzulu.

Ndipo wakamchukua mjuzi wa hesabu, Sunak. Je, yeye aliokoka? Kupanda kwa bei, kulikofika 11.1 kwa mia Oktoba 2022, kulishuka hadi 2 kwa mia Mei 2024. Hesabu ilikuwa safi! Lakini tarehe 4 Julai 2024 watu waliweka kura, na chama chake kikapata viti 121 tu katika viti 650. Zilikuwapo sababu nyingi, lakini moja yao ni ile ya mama wa mchele: bei zikiacha kupanda, hazirudi zilikokuwa. Mtu ambaye mshahara wake haukufuata bei hali karatasi ya waziri.

Twaona basi kwamba kupendwa bila hesabu huanguka upesi, na hesabu isiyofika nyumbani kwa mtu haimpatii mwenyewe kura.

KOSA LETU NI MOJA

Sasa twaweza kulitaja kosa lile tulilolisema mwanzo. Wenye kusema "mtoto wetu" na wenye kusema "mjuzi wa hesabu" wote wawili hutafuta mtu wa kumwamini, wapate kulala. Mmoja humwamini kwa damu, mwingine kwa diploma. Wala hapana mmoja kati yao anayesema: "Hesabu yenyewe isomwe hapa, mbele yetu."

Angalieni tunavyofanya katika vigango vyetu. Mwisho wa mwaka mweka hazina husimama mbele ya watu, husoma: sadaka zilikuwa kadha wa kadha, mabati yalinunuliwa, fundi alilipwa, kimebaki hiki. Faranga 5,000 ikipungua, mama wa chama huinuka na kuuliza, na mweka hazina hujibu, hata kama ni shemeji yake. Hapana anayesema kwamba mama yule amemtukana mweka hazina. Hapana anayesema: "Mwacheni, ni mtoto wetu," wala "Mwacheni, alisoma." Basi sisi tunaojua kudai hesabu ya mabati, kwa nini hatujui kudai hesabu ya barabara?

Na iko mali ya kudai. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 175, yasema kwamba 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni sehemu ya majimbo, na izuiwe papo hapo inapokusanywa, isiende kwanza Kinshasa. Serikali zimepita, ya Kabila na za waliomfuata, na desturi imebaki ile ile: fedha hupanda Kinshasa, kisha hurudi kidogo kidogo, pengine kwa kuchelewa, pengine zisirudi. Matata Ponyo aliongoza serikali zaidi ya miaka minne. Shadary alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mwenye kushughulika na majimbo. Wote wawili walikuwa wana wa Maniema. Desturi ile ikawa ile ile. Je, tuliwauliza? Sisi hatukumbuki mkutano hata mmoja ambapo swali hilo liliulizwa.

Tazameni tena dhahabu ya Namoya, kule Salamabila, katika teritwari ya Kabambare. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kuitoa kwa biashara mwanzoni mwa mwaka 2016. Mwaka 2019, baada ya mashambulio na watu kutekwa, ilisimamisha kazi. Watu wa hapo walibaki na mashimo, na vijana wenye bunduki. Kanuni ya madini iliyobadilishwa Machi 2018 yasema hivi juu ya kodi ya dhahabu inayochimbwa: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sheferi au sekta yenye mgodi, na 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo. Kumi na tano kwa mia kwa sheferi! Ni sheria, si ndoto. Lakini fedha ikifika kwenye sheferi bila daftari, itakwenda njia ile ile ya Bukanga Lonzo, ila kwa miguu. Kwa hiyo maneno haya hayawahusu wakubwa wa Kinshasa peke yao. Yawahusu na machifu wetu, na wabunge wetu wa Kindu, na wenyeviti wa vyama hapa hapa mjini.

WATU WATATUPINGA

Wengine watasema: "Katekista aache siasa, afundishe watoto sala." Twajibu kwamba hatukuwaambia mpigie kura chama gani, wala hatutawaambia. Lakini tunapokwenda kijijini kwa miguu kumtembelea mgonjwa, tukakuta amekufa kwa sababu kituo cha afya hakina dawa na njia haipitiki, mambo hayo si siasa ya watu wengine. Ni mambo ya watu wetu wenyewe.

Wengine watasema: "Hata hivyo, mtu wa kwetu hawezi kusahau kwao." Twajibu: tumekwisha kuwa na gavana wa kwetu, mbunge wa kwetu, waziri wa kwetu, na Waziri Mkuu wa kwetu. Tukitoka Kasongo kwenda Kabambare wakati wa masika, tutaona wenyewe walivyokumbuka. Mtu wa kwetu hukumbuka kwao akijua kwamba kwao wataulizia. Akijua kwamba kwao watapiga makofi tu, hukumbuka mazishi na arusi, akaleta ng'ombe, akarudi.

Na wengine watasema: "Mkimdai sana mtu wa kwetu, wa nje watamshika." Hili ndilo neno lenye hatari kuliko yote, kwa sababu lina sura ya hekima. Ndugu, angalieni mambo yalivyokwenda. Kama watu wa Maniema, tangu mwaka 2014, wangalimwandikia mtoto wao na kumwuliza kila mwaka habari ya shamba lile, huenda angalipata sababu ya kulisimamisha mapema, kabla ya wakaguzi na mahakama kufika. Kunyamaza kwetu hakukumlinda hata kidogo. Anayempenda mtoto wake humwuliza alikopata kisu kabla hajajikata.

BASI TUFANYEJE?

Uchaguzi mwingine utakuja. Watakuja tena watu wazuri wa kusema, wenye suti, wenye tai, wenye diploma, wenye kujua majina ya babu zetu. Wengine watatafuta uongozi wa chama kwanza, ili chama kiwape njia ya kwenda juu. Tusingoje siku ya kura. Mtu anapotafuta uongozi wa chama, hapo ndipo pa kumwuliza, kwa kuwa bado anatuhitaji. Twashauri maswali matatu tu, mepesi, yanayoweza kuulizwa na mama wa mchele.

La kwanza: fedha zilizopita mikononi mwako katika kazi uliyokuwa nayo zamani, ziko wapi hesabu zake, nasi twaweza kuzisoma wapi?

La pili: 40 kwa mia ya jimbo, na 15 kwa mia ya sheferi yenye dhahabu, ulifanya nini kuzidai ulipokuwa na nguvu? Na kama hukuwa na nguvu, ulisema nini hadharani?

La tatu: hiyo ahadi unayotuletea leo, bei yake ni fedha ngapi, zitatoka wapi, na kitapunguzwa nini ili hicho kipatikane?

Akijibu vizuri, hata kama si mtu wa Kasongo, na hata kama hakusoma sana, tumsikilize. Akikasirika, hata kama mama yake na mama zetu walichota maji pamoja, tumwache aende. Na akisema kwamba maswali hayo ni magumu kwa watu wa kijijini, tumpeleke sokoni kwa yule mama, amweleze yeye.

Mama yule hakusoma uchumi. Lakini alijua kwamba hesabu ya nchi ambayo haifiki mahali alipo bado haijakwisha. Sisi nasi, kabla ya kuvaa fulana ya mtu ye yote, tudai kwamba imalizwe, na kwamba isomwe hapa: Kasongo mjini, Kabambare mjini, Salamabila, na katika kila kijiji ambacho kura yake ilihesabiwa.